Kombe Limerudi Nyumbani, Sasa Sare: Jinsi ya Kubadilisha Nguo za Shule ya Wasichana

Shule ya wasichana ikirudi na kombe, mazungumzo ya sare hayachelewi. Utaitwa ofisini, ukute kombe limekaa juu ya kabati la mafaili na mezani pana mchoro: koti lenye nembo mpya, nyota tatu juu ya mfuko, neno MABINGWA na mwaka wake, tai ya mistari. Mimi huusifu ule mchoro, naukunja, kisha nauliza: hao mabingwa walicheza wamevaa nini? Mara nyingi jibu huwa ni jezi za wavulana, mikono imekunjwa mara mbili na kiunoni pamefungwa fundo. Wahenga walishasema cha kuazima hakisitiri maungo.

Nashona Walukuba, hapa Jinja nchini Uganda, mtaa uliojaa watoto wa wafanyakazi wa viwandani waliotoka kila upande, ndiyo maana hata ugomvi wetu tunaufanya kwa Kiswahili. Sare za shule ndizo zinazolipa kodi ya chumba changu cha cherehani. Kabla ya hapo nilicheza mpira wa pete, nafasi ya WD (mlinzi wa pembeni), ile ya kukimbia sana na kutopigiwa makofi. Kwa hiyo nikimwambia mwalimu wa michezo kwamba sketi fulani itambana msichana nyonga akinyanyua mguu, sisemi kwa kukisia.

Ninachoshauri ni hiki: sare ibadilishwe kwa ajili ya mwili unaokimbia, na ushindi uandikwe mahali panapoweza kubanduliwa. Mengine yote ni hesabu.

Kupima

Usipime msichana mmoja mrembo wa S.3 (kidato cha tatu) ukadhani umeipima shule. Chukua angalau watatu: mrefu kuliko wote, mwenye nyonga pana kuliko wote, na yule mdogo wa S.1 ambaye sweta linamfika magotini. Sare ikiwakaa hao, waliobaki wanaingia katikati.

Upimaji ufanywe na mwanamke, nyuma ya pazia, mwalimu mlezi wa wasichana akiwepo. Vipimo visisomwe kwa sauti. Kwenye daftari andika namba ya msichana, usiandike jina, maana daftari la vipimo likiokotwa bwenini ni maneno ya muhula mzima.

Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa kiuno hadi goti: hivyo kila fundi anavijua. Kipimo kinachosahauliwa ni cha mgongo, kutoka kwapa hadi kwapa, mikono ikiwa imenyooshwa mbele. Mpime msichana akiwa amesimama kama mlingoti, kisha mwambie anyooshe mikono kama anayepokea mpira, upime tena. Utaona mgongo umeongezeka sentimita kadhaa. Blauzi nyingi zinapasukia hapohapo, nyuma ya bega, halafu mtoto anaambiwa hatunzi nguo.

Baada ya vipimo mvalishe sampuli na umfanyishe kazi. Achuchumae. Anyanyue mikono yote miwili kama GS, yaani mfungaji wa mpira wa pete, anayelenga goli la mita 3.05. Apige hatua ndefu. Akae chini sakafuni kama wakati wa paredi, ule mkusanyiko wa shule nzima. Akae upande kwenye boda, kwa sababu ndivyo atakavyokwenda nyumbani siku ya kufunga shule. Wewe tazama mambo matatu tu: blauzi inachomoka kwenye sketi? Kiuno kinapanda? Anavuta nguo kwa mkono? Msichana anayevuta nguo kwa mkono mmoja anacheza kwa mkono uliobaki.

Blauzi inatibika kirahisi. Iongeze sentimita 6 kwa chini, weka rinda moja nyuma chini ya kipande cha bega, na usikate kwapa kwa ndani sana ukidhani unapendezesha.

Sketi

Hapa ndipo penye fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sketi ya marinda yanayozunguka kiuno chote ndiyo iliyozoeleka kwenye shule zetu, na shule zenye historia ndefu zinaipenda. Shule ya wasichana ya Gayaza imekuwepo tangu 1905, na kila shule ya wasichana iliyofuata ilitaka kuonekana na heshima ya namna hiyo. Mimi sina ugomvi na heshima. Nina ugomvi na kitambaa. Marinda kamili yanakula mara tatu ya nyonga. Msichana wa nyonga sentimita 90 anahitaji upana wa sentimita 270. Kitambaa kikiwa na upana wa sentimita 150, lazima ukate vipande viwili. Urefu wa sketi sentimita 65, ongeza pindo sentimita 8 na sentimita 2 za mshono wa juu, kila kipande ni 75. Jumla mita moja na nusu, kwa sketi ambayo akiifua inakaa na maji nusu siku, na kuipiga pasi ya mkaa ni adhabu.

Sasa weka marinda mawili tu makubwa, moja juu ya kila paja, kila rinda likila sentimita 16. Nyonga 90, nafasi ya kupumulia 4, marinda 32, mishono 4: jumla 130. Inatoka kwenye upana mmoja wa kitambaa, urefu wa sentimita 75 tu, na pembeni kunabaki kipande cha sentimita 20 cha kutolea ukanda wa kiuno na mfuko. Umetumia nusu ya kitambaa. Kwa wasichana 400 hiyo ni mita 300 ambazo hakuna mzazi anayezilipia. Na akikimbia, marinda mawili yaliyo mahali pa paja yanafunguka kuliko ishirini yaliyobanwa na pasi.

Nyonga ikizidi sentimita 105 hesabu inabadilika, utaongeza kipande. Bei isibadilike. Shule ikubaliane na fundi bei moja kwa saizi zote tangu mwanzo. Msichana asitozwe kwa sababu ya mwili wake.

Mfuko uwe wa ndani, kwenye mshono wa pembeni, wa kina cha kutosha kuingiza pedi bila kuonekana. Hili nimewahi kulisema kwenye kikao chenye akina baba wengi, wakatazama dirishani. Baadaye mzee mmoja akanifuata nje: "Mama Fundi, ule mfuko uweke. Nina mabinti wanne."

Kiunoni weka vifungo viwili, cha pili sentimita 4 kutoka cha kwanza, na lastiki fupi nyuma. Mtoto wa S.1 atakua. Lile pindo la sentimita 8 ni la kushushwa S.3, fundi anayekuwekea pindo la sentimita 2 anajihakikishia biashara ya mwakani.

Rangi ya sketi iwe nzito: bluu ya giza, kijani cha chupa, damu ya mzee. Sababu kila mwanamke anaijua. Hata wakubwa wa michezo wameinama: wale wa tenisi ya Wimbledon, wanaong'ang'ania weupe kuliko msikiti siku ya Idi, tangu 2023 wanaruhusu wachezaji wanawake kuvaa bukta za ndani za rangi nzito, na mwaka huohuo timu ya wanawake ya Uingereza ya kandanda iliacha bukta nyeupe ikavaa za bluu. Kama wao wamelisikia, kamati ya wazazi ya Busoga nayo inaweza.

Ubishi wa urefu

Jiandae. Ajenda hii ikiachwa wazi itakula kikao kizima. Mlokole atataka sketi ifike kwenye kifundo cha mguu, Hajati atataka na mikono mirefu, kijana aliyesoma Kampala atasema tuko karne gani. Usiwape nafasi ya kupiga kura juu ya magoti ya watoto. Peleka mezani urefu wa aina mbili, kitambaa kilekile, mshono uleule: wa chini kidogo ya goti, na mrefu. Mzazi achague kwenye fomu. Nimeona shule ikifanya hivyo, na ubishi ukaishia kwenye chai.

Hijabu nayo iingizwe kwenye orodha ya sare kwa rangi na kipimo, isiachwe kama jambo la kuvumiliwa. Kwa michezo, shona ya kitambaa cha kufumwa kinachovutika, bila pini hata moja, inayokumbatia kichwa na kuingia ndani ya jezi. Mtu akikuambia sheria hairuhusu, mwambie sheria ya kandanda iliruhusu vifuniko vya kichwa mwaka 2014, na FIBA, wakubwa wa mpira wa kikapu duniani, wakaruhusu mwaka 2017. Wasichana wa Kiislamu hapa Uganda hawakai tena pembeni ya uwanja. Jina la shule ya Kawempe Muslim kwenye kandanda ya wasichana halihitaji utangulizi.

Nguo za uwanjani

Hizi ni tofauti na sare ya darasani na zinunuliwe na shule, si mzazi, kwa sababu zinabaki shuleni mchezaji anapoondoka. Mpira wa pete: sketi fupi yenye bukta ya rangi ileile imeshonewa kiunoni kwa ndani, kitambaa cha kufumwa cha jezi. Mshono wa kati wa bukta ushonwe mara mbili na upitishwe ovaloki. Anayetaka kuvaa taiti ndefu chini yake avae, mradi rangi ni moja kwa wote watakaoivaa.

Herufi za nafasi usizichape kwenye jezi. Mchezaji wa C leo ni WA kesho. Shona vizibao vyepesi saba, GS mpaka GK, herufi za sentimita 15, mbele na nyuma, juu ya kiuno. Seti mbili za rangi mbili zinatosha kwa miaka. Namba za kandanda na kikapu zichapwe, lakini andika kwenye lebo ya ndani "isipigwe pasi", maana pasi ya mkaa ikigusa chapa ya plastiki ndiyo kwaheri.

Kuchagua kitambaa

Ukishuka Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa pale Kampala, kila muuzaji ana kitambaa "hakipauki". Omba kipande cha nusu mita kwa nusu mita, ulipie, urudi nacho nyumbani. Kiloweke usiku kucha, kifue kwa sabuni ya mche, kianike juani, kisha pima upya. Ikiwa sentimita 50 zimekuwa 48, kitambaa kimerudi kwa asilimia 4. Sketi ya sentimita 65 itapoteza zaidi ya mbili na nusu. Kitambaa hicho ama unakiacha, ama jora zima linafuliwa kabla ya mkasi. Sugua pia kwa kitambaa cheupe chenye maji: rangi ikihamia, blauzi nyeupe zitageuka waridi wiki ya kwanza. Kipande kingine weka juu ya bati, nusu imefunikwa kwa ubao, kwa wiki mbili. Jua la Jinja halimwonei mtu haya.

Kwa blauzi mimi hupenda poplini ya mchanganyiko, poliesta 65 kwa pamba 35. Pamba tupu inapumua vizuri zaidi lakini inajikunja, na msichana wa bweni hana muda wa pasi. Poliesta tupu inakauka upesi na kunuka jasho upesi vilevile. Jora zote ziwe za mkupuo mmoja wa rangi. Angalia namba kwenye lebo ya kila jora. Zikitofautiana, hata kama macho yako hayaoni tofauti dukani, yataiona kwenye paredi.

Ushindi uandikwe wapi

Turudi kwenye ule mchoro wa mwalimu mkuu.

Ubingwa una mwaka, nguo ina miaka. Ukitarizi "MABINGWA" kwenye mfuko wa koti la kila msichana, muhula unaofuata mnaweza kutolewa kwenye zoni na shule nzima inatembea mjini na neno lisilo lake. Halafu kuna mdogo wake atakayerithi lile koti, ambaye hajawahi kugusa mpira. Sare ya wote ibebe nembo ya shule peke yake. Ushindi ubebwe na waliocheza, kwenye beji ya kipande.

Beji hiyo ikatwe kwenye kitambaa kigumu, sentimita 7 kwa 8, itariziwe, pembeni ipitishwe ovaloki, kisha ishikizwe kwenye sweta kwa mkono, mishono michache kila pembe. Ikibidi kutoka inatoka bila kuacha tundu. Wa mashine ya kutarizi hutoza kwa kuhesabu mishono, kwa hiyo punguza maneno: jina la mchezo, ngazi, mwaka. Herufi zisipungue milimita 5 kwenda juu. Chini ya hapo zinakuwa madoa. Vijana wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, watakuchorea kwenye kompyuta nembo nzuri sana yenye manyoya ya korongo yote yakihesabika. Waambie wapunguze manyoya. Uzi si wino.

Ngazi iandikwe kwa ukweli. Wilaya ni wilaya, kanda ni kanda. Mashindano ya taifa ya USSSA, chama cha michezo cha shule za sekondari Uganda, ni jambo moja, ya Afrika Mashariki chini ya FEASSSA, shirikisho la vyama kama hivyo, ni jingine, na wasichana wenyewe wanajua tofauti kuliko bodi. Kabla ya kutarizi, mwalimu wa michezo alete cheti au barua ya matokeo, asiseme tu "tulikuwa wa kwanza". Mwaka nao uangaliwe mara mbili. Peruth Chemutai alichukua dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji tarehe 4 Agosti 2021, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, lakini michezo yenyewe kwa sababu ya korona iliahirishwa ikabaki na jina la Tokyo 2020. Mambo kama hayo yanatokea shuleni pia: fainali inasogezwa muhula mwingine, jina la mashindano linabaki la zamani. Amueni mtaandika mwaka wa jina au mwaka wa siku, na muufuate huohuo siku zote.

Msitegemee makombe peke yake. She Cranes, timu yetu ya taifa, walipomaliza wa tano kwenye Kombe la Dunia la mpira wa pete kule Cape Town mwaka 2023 hawakurudi na kombe, na bado ilikuwa nafasi ya juu kuliko waliyowahi kuifikia. Msichana aliyevunja rekodi ya shule ya mita 800 anastahili beji hata kama wilayani alikuwa wa nne. Kapteni mpe tai ya rangi yake. Aivae mwaka wake, kisha amkabidhi anayefuata mbele ya shule nzima. Haina gharama, na nimeona wasichana wakiililia kuliko pesa.

Orodha kamili ya ushindi wa miaka yote ipakwe rangi kwenye ubao wa mbao ukumbini. Huko hakuna atakayeifua.

Kalenda na fedha

Usibadilishe shule nzima kwa siku moja. Mzazi aliyenunua sare Februari asiambiwe Juni kwamba imepitwa na wakati. Anza na wanaoingia S.1 na S.5 tu, kwa sababu hao wananunua sare kwa vyovyote. Mwaka wa kwanza sare ya zamani itabaki kwa S.2, S.3, S.4 na S.6. Mwaka wa pili itabaki S.3 na S.4. Wa tatu, S.4 peke yao. Wa nne haipo, na hakuna aliyelazimishwa kununua mara mbili. Watahiniwa wasiguswe kabisa. Mwaka wa mtihani si mwaka wa kushonewa. Rangi kuu zikibaki zilezile, hata mchanganyiko wa paredi hauchukizi macho.

Muhula wa pili pima na shona sampuli. Likizo ya Agosti wape wasichana wawili au watatu wazivae na kuzifua nyumbani. Muhula wa tatu bodi ya shule na kamati ya wazazi wapitishe, na kumbukumbu za kikao ziandikwe vizuri, kwani malalamiko yakifika kwa ofisa elimu hizo ndizo zitakazoulizwa. Desemba na Januari ni za kushona. Fundi anayeahidi seti 150 katika wiki mbili za Januari peke yake na cherehani moja, mshukuru, kisha tafuta mwingine.

Mzazi asifungwe kwa fundi mmoja. Shule itoe kipande cha kitambaa na vipimo kwa yeyote anayetaka kumshonesha mtoto wake kwa shangazi. Najua nasema hivi huku nikijipunguzia wateja. Anayeshona vizuri watamrudia.

Malipo kwa fundi: sehemu ya kitambaa mbele, sehemu wakati wa kupokea, na ya mwisho, si chini ya moja ya tano, baada ya nguo kufuliwa mara mbili na kuvaliwa uwanjani. Sampuli mbili zitiwe sahihi na pande zote, moja ikae kwa fundi, nyingine kwa mhasibu wa shule pamoja na pateni za karatasi za kila saizi na namba ya uzi. Pateni ni mali ya shule, iandikwe hivyo kwenye mkataba. Na nunueni mita kumi za ziada za kitambaa kilekile, zifungwe stoo, kwa ajili ya viraka na kwa msichana atakayehamia katikati ya mwaka.